Jinsi Nilivyoweka Michezo ya Televisheni Kwenye Rafu

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa mkutubi wa maktaba ya parokia mjini Bukavu, na nilijiona mtu mkubwa sana. Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha matatu yaliyotazama ziwa, meza mbili ndefu na rafu za mbao zilizojaa kuta mbili. Ukuta wa tatu ulikuwa mtupu kwa sababu ulivuja. Nilikuwa nimefuata kozi ya ukutubi ya miezi mitatu Kinshasa, na toka siku niliporudi sikupitisha wiki bila kuitaja. Nilivaa abakosti, ile suti ya Kizaïre isiyo na tai, iliyopigwa pasi hata Jumatatu, siku ambayo maktaba ilikuwa imefungwa. Mfukoni nilichomeka kalamu tatu, na kati ya hizo moja tu ndiyo iliyokuwa na wino.

Aliyenisimamia alikuwa padri mzee wa Kibelgiji, mtu mpole, mzito wa sikio la kushoto, aliyependa vitu viwili: kilimo na ukimya. Aliniita citoyen, yaani raia, kama utaratibu wa wakati ule ulivyotaka, lakini neno hilo alilitamka polepole kama mtu anayeonja supu ya moto.

Kila mwaka, mvua zilipoanza, tulipokea sanduku la vitabu vikuukuu kutoka kwa waumini wa Ubelgiji. Mwaka ule, chini kabisa ya sanduku, nilikuta kifurushi kilichofungwa ndani ya pulova ya mtoto. Kulikuwa na mashine nyeusi yenye ukubwa wa misale ya altareni, nyaya, vijiti viwili vya kushika mkononi ambavyo Wafaransa huviita maneti, na kaseti nne nene za plastiki.

Kwa kuwa nilikuwa mtu wa kozi, nilitambua mara moja kwamba zile ni kaseti za muziki. Nilijaribu kuingiza moja kwenye redio ya parokia. Haikuingia. Nikasukuma. Kile kimlango cha redio kilitoka, kikaruka mpaka chini ya meza, na redio ikabaki mdomo wazi tangu siku ile.

Padri alisoma barua iliyokuwa sandukuni, akacheka bila sauti.

“Hii si muziki, citoyen. Ni michezo. Unaiunganisha na televisheni. Wajukuu wa bibi mmoja wa kule wameichoka.”

“Tuipeleke wapi, mon père?”

“Sijui. Labda shule ya msingi.”

Hapo roho yangu ilikataa. Mwalimu mmoja kule Kinshasa alikuwa ametuambia kwamba maktaba ya kesho haitaweka vitabu peke yake. Sehemu kubwa ya somo lile nilikuwa nimelala, lakini sentensi hiyo niliisikia. Nikamweleza Padri kwamba mimi nitaanzisha mkusanyiko wa michezo ya televisheni, wa kwanza katika Kivu nzima, na pengine katika Zaïre nzima. Alinigeuzia sikio la kulia ili nirudie. Nilirudia. Akasema sawa, mradi isipige kelele.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuandika kadi. Kila kitu cha maktaba lazima kiwe na kadi. Penye “mwandishi” niliandika “hajulikani.” Penye “kurasa” niliandika “hakuna.” Mchezo wa magari yanayokimbizana milimani niliuweka kwenye jiografia. Ule wa ndege zinazorushiana risasi niliuweka kwenye historia, tenisi kwenye afya, na ule wa mtu mdogo anayeruka-ruka akikusanya mayai niliutafakari siku mbili nzima kabla ya kuupeleka kwenye ufugaji.

Kazi ya pili ilikuwa muhuri. Kwenye kozi tulifundishwa kwamba kitabu hupigwa muhuri mahali pa wazi, na tena mahali pa siri ambapo mwizi hawezi kupafikiria. Pa wazi palikuwa rahisi. Pa siri nilipatafuta sana, mpaka nilipochungulia ndani ya mdomo wa kaseti na kuona safu ya meno madogo ya rangi ya dhahabu. Nani angetazama pale? Nililowesha muhuri kwenye wino wa zambarau, nikaubana mdomoni mwa kaseti kwa nguvu zangu zote. Nilifanya hivyo kwa zote nne.

Siku ya kuijaribu tulileta televisheni ya ukumbi wa parokia, ile ambayo watu waliitumia kutazama habari za jioni, zilizoanza kwa sura ya Rais ikishuka kutoka mawinguni. Padri alikaa mbele na mikono magotini. Niliunganisha nyaya, nikaweka kaseti ya magari, nikawasha. Kioo kilibaki cheusi. Nikaweka ya ndege. Cheusi. Tenisi, mayai, vilevile.

“Ni umeme,” nilisema. “Kule bwawani Ruzizi wameupunguza.”

Padri alitazama taa iliyokuwa ikiwaka juu ya kichwa changu.

Kwa wiki tatu nililaumu umeme, unyevu wa ziwa, forodha na hatimaye bibi wa Ubelgiji, ambaye nilimwambia Padri kuwa ametutumia takataka. Mwishoni Padri mwenyewe ndiye aliyemwita fundi wa redio kutoka Kadutu, mtu mwembamba aliyefanya kazi na bisibisi moja na mswaki mmoja. Alichungulia kaseti ya kwanza, akachungulia ya pili, akaziweka mezani kwa heshima kama mtu anayeweka sahani.

“Papa, muhuri iko ya nani?” aliuliza.

“Ya maktaba.”

“Na ni nani aliuweka huku ndani?”

Nilimweleza kuhusu mahali pa siri. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba pombe kali kidogo na pamba, akasafisha meno yale moja baada ya jingine huku akitikisa kichwa, na muda si muda gari jekundu lilitokea kwenye kioo. Kaseti tatu zilipona. Ile ya ndege ilikataa kabisa, maana ndiyo niliyoibana kwa bidii zaidi.

“Safari ingine,” fundi alisema akifunga mfuko wake, “piga muhuri kwa mashine, kwa meza, hata kwa mukono yako. Lakini mu meno, hapana.”

Baada ya hapo nilifunga maktaba kwa wiki mbili. Mlangoni nilibandika karatasi iliyoandikwa INVENTAIRE. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikicheza. Nilijiambia kwamba mkutubi lazima aijue mali yake kabla ya kuwapa wasomaji, na nilijiambia hivyo kila asubuhi, hata siku ya kumi. Padri alipita dirishani akanikuta nimepinda mwili wote upande wa kulia pamoja na gari langu.

“Hesabu ya vitabu inaendeleaje, citoyen?”

“Vizuri, mon père. Niko kwenye jiografia.”

Nilipofungua, wanafunzi walijaa mpaka ngazini. Ili maktaba isigeuke kibanda cha michezo, niliweka sheria: kila anayetaka kucheza lazima kwanza asome kitabu kizima, aje mbele yangu anisimulie kilichomo, ndipo apate robo saa. Niliona sheria hiyo ni ya hekima mno. Sikujua kwamba wasomaji wangu wangemaliza siku moja tu kutafuta kitabu chembamba kuliko vyote. Kilikuwa kijitabu cha ufugaji wa sungura, kwa Kiswahili, kurasa kumi na mbili, nusu yake picha. Tulikuwa na nakala tano. Baada ya mwezi zote tano zilikuwa zimelegea kama fufu ya jana, na mimi nilikuwa nimesikiliza habari za banda la sungura mara nyingi kiasi kwamba usiku nilikuwa nikiota malisho.

Wakati huohuo alikuja maman mmoja.

Alikuwa mshonaji wa Kadutu, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mjane, mwenye mabega mapana na kipimo cha kushonea kikining'inia shingoni kama skafu. Kabla ya hapo alikuwa akija mara moja kwa wiki kutazama majarida ya Kifaransa ya mitindo. Alifungua, akatazama gauni kwa muda mrefu, akafunga, akaenda. Siku moja alisimama nyuma ya wanafunzi akitazama magari. Kisha akaja kwenye meza yangu.

“Papa, na bamaman banaruhusiwa?”

Nilifungua daftari la sheria, ambalo nililiandika mwenyewe, nikalisoma kana kwamba sijawahi kuliona. Hakuna kilichowakataza. Nikamweleza habari ya kusoma kwanza kitabu. Aliuliza wengine wanasoma kipi, akaondoka na sungura.

Kesho yake alinisimulia. Alisimulia vizuri kuliko wote. Alieleza kwa nini sungura jike asipewe majani yenye umande, na jinsi ya kumjua anayeumwa kwa kumshika masikio. Baada ya yeye kukaa kwenye mashine nilikichukua kijitabu nikakisoma tena, maana habari ya umande sikuikumbuka. Haikuwemo. Nikahitimisha kwamba nakala yangu imekosa ukurasa.

Siku ya kwanza gari lake lilitumbukia bondeni mara nane. Siku ya tatu halikutumbukia tena. Alishika maneti kwa ncha za vidole, kama anayeongoza kitambaa chini ya sindano, na mguu wake wa kulia ulipiga-piga sakafu muda wote.

“Huo mguu unafanya nini?” nilimuuliza.

“Unatafuta mashine yangu ya kushona,” alisema bila kuondoa macho kwenye kioo.

Mpaka wakati huo bingwa wa maktaba nilikuwa mimi. Haikuwa ajabu, nilikuwa na wiki mbili za inventaire. Nikamkaribisha tushindane, mbele ya wanafunzi, kwa wema wangu, nimtie moyo. Alinishinda. Nikasema jua linaniingia machoni, nikahamisha meza. Alinishinda. Nikasema maneti ya kulia imelegea, tukabadilishana. Alinishinda kwa mbali kuliko mwanzo, kisha akaweka mkoba wake begani akaniambia, “Pole, Papa,” na hiyo pole ndiyo iliyoniuma.

Mchezo ule wa magari ulikuwa na jambo moja. Mwishoni ulimtaka mchezaji aandike herufi tatu za jina lake: unasukuma maneti juu, A inageuka B, B inageuka C, ukiipata yako unabonyeza. Wanafunzi waliandika zao kwa mbwembwe. Yeye kila mara alibonyeza haraka mara tatu, na kioo kiliandika AAA. Juu kabisa ya orodha, kila alasiri, AAA. Nilijiuliza maana yake, na kwa kuwa mimi sikosi maelezo, niliyapata: ni unyenyekevu. Mama huyu hataki sifa. Niliwaeleza wanafunzi hivyo. Nilimweleza hata Padri, ambaye siku zote alikuwa akitafuta mifano, na Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya mwanamke mmoja wa mji huu aliyewashinda wote lakini akakataa kuandika jina lake. Mimi nilikaa benchi la tatu nikiwatazama waumini kama mtu aliyeandika mahubiri.

Mkusanyiko wa kaseti tatu ulinionea aibu, au mimi niliuonea. Niliamua kuwaandikia wafadhili. Lakini kalamu ilipofika kwenye neno “michezo” ilisita. Mtu wa kozi, na abakosti yake, anaomba michezo? Nikaandika kwa Kifaransa kizito kwamba tunahitaji “kaseti za kisasa za kuelimisha.” Baada ya miezi mitatu lilifika sanduku zito. Nililifungua mbele ya watu. Zilikuwa kaseti arobaini za sauti, masomo ya Kiflamandi kwa wanaoanza, na hata redio ya kuzisikilizia hatukuwa nayo tena.

Maman mshonaji alizitazama.

“Papa, uliomba michezo?”

“Si kwa neno lile hasa.”

“Basi hao hawana kosa,” alisema, akarudi kwenye gari lake.

Barua ya pili niliiandika wazi, neno “michezo” nikalipigia mstari chini mara mbili. Walituletea kaseti kumi na moja. Mfanyabiashara mmoja wa dhahabu wa Kamituga, aliyekuwa amenunua mashine kama yetu Bujumbura kisha ikamfia njiani kwa mitikisiko ya barabara, alituachia tatu. Jumla zikawa kumi na nane, pamoja na ile iliyokufa, ambayo sikukubali kuifuta kwenye daftari. Zilijaa rafu moja nzima, migongo imeandikwa namba kwa mkono wangu. Nilipitisha kitambaa juu yake kila asubuhi.

Sasa nifike kwenye sungura.

Mwisho wa mwaka Padri aliomba daftari la kuazima ili aandike ripoti yake. Aliliona neno “sungura” likijaa ukurasa baada ya ukurasa. Nilimwona akilisoma, na niliona macho yake yakilowa. Miaka mingi amewasihi vijana wa mjini wapende kilimo, na sasa haya. Ningeweza kumweleza. Badala yake nilisema, “Vijana wamebadilika, mon père.”

Wiki iliyofuata alikuja na gari la parokia kutoka Walungu, nyuma yake masanduku ya mbao, ndani yake sungura kumi na wawili. Alitangaza kwamba Jumamosi, baada ya Salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mji, vijana wafugaji waje nyuma ya maktaba wagawiwe kazi. Jumamosi ilifika. Walikuja watatu, na wote watatu walitaka kujua kama mashine itawashwa.

Kwa hiyo sungura wakawa wangu. Nilikata majani asubuhi na mapema kabla ya kazi, yakiwa mabichi na yenye umande, nikawapa kwa wingi. Siku ya nne wanne walilala ubavu, matumbo yamevimba. Mimi, niliyesikiliza kijitabu kile zaidi ya mtu yeyote aliye hai, sikujua la kufanya. Ni maman mshonaji aliyepita nyuma akanikuta nimechuchumaa na abakosti yangu mbele ya banda, nikiwapepea kwa jarida la mitindo.

“Umebapatia majani ya umande,” alisema.

Alivua viatu, akaingia, akawatoa mmoja mmoja, akawakanda matumbo, akawapa majani makavu ya migomba. Alipoteza mmoja tu. Padri alisimama pembeni akitazama yote.

“Wewe umejifunza kwenye kitabu chetu?” alimuuliza.

“Hapana, mon père. Nilizaliwa kwa sungura. Mama yangu alibafuga kule Kabare.”

Padri alinigeukia. “Na wale vijana wote walioandikwa kwenye daftari, citoyen, walikuwa wanasoma nini?”

Nilimweleza yote. Hakunikaripia. Alisema tu, “Ah,” akaenda zake, na siku mbili hakuniita citoyen wala kitu kingine.

Niliumia, na mtu wa aina yangu akiumia anatunga fomu. Niliipiga chapa mwenyewe: fishi ya kusoma, yenye maswali matano ya kujibiwa kwa maandishi, na sahihi chini. Hakuna fishi, hakuna maneti. Kitabu cha sungura nilikificha kabatini. Wanafunzi walinung'unika lakini walijaza. Yule maman nilimpa yake mkononi. Aliikunja mara mbili, akaiweka mkobani, akasema ataileta. Hakuileta. Wiki ikapita, mbili, mwezi. Hata majarida ya mitindo hakuja kuyatazama.

Nilikuwa na maelezo, kama kawaida. Nilidhani amechoka kunishinda na ananihurumia. Nilipofikiria hivyo mara nyingi vya kutosha, niliamua kwenda kumwambia kwamba hana haja ya kunionea huruma. Nilipanda Kadutu alasiri moja yenye matope, nikiwa na hotuba fupi kichwani. Nilimkuta barazani kwake, kwenye cherehani, anashona sare za shule. Aliniwekea kiti, akaendelea kushona. Nilitoa hotuba yangu. Aliisikiliza mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

“Papa, ni ile karatasi yako ndiyo ilinifukuza,” alisema. “Mimi sijue kusoma.”

Sikumwelewa. Nilisema, “Lakini ulinisimulia kitabu.”

“Nilitazama picha. Zingine nilijua.”

“Na majarida?”

“Gauni unaisoma kwa macho tu.”

Kisha nikauliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda, habari ya zile A tatu.

“Ndiyo ilikuwa pale tayari,” alisema. “Mashine inauliza kitu, sijue inauliza nini, ninabonyeza iniache. Na Padri akanisifu mu kanisa. Batu bote banageuka kunitazama. Nilitaka kuingia chini ya benchi.”

Alisema hayo bila ukali, akinyoosha kola ya sare kwa kucha. Mimi nilitazama viatu vyangu vyenye matope. Nilikuwa nimemwandika mara kumi na tisa kwenye daftari langu, na mbele ya jina lake, penye maoni, nilikuwa nimeandika “msomaji hodari.” Nilijaribu kutafuta maelezo, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi sikupata hata moja. Nilisema, “Nisamehe, Maman.” Akasema, “Kunywa chai kwanza.”

Kesho yake nilitoa fishi zote nikampa Padri awashie moto wa jikoni. Na Jumatatu, siku ya kufungwa, niliomba ruhusa ya kufungua kwa mtu mmoja. Sharti lilikuwa la maman mwenyewe: wanafunzi wasiwepo. Nilikuwa nimeandaa ubao, chaki na kitabu cha darasa la kwanza chenye picha ya kuku. Alikitazama kile kitabu jinsi mtu mzima anavyotazama kiti cha mtoto.

“Washa ile,” alisema, akinyoosha kidole kwenye mashine.

Basi ndivyo tulivyofanya. Nilicheza mimi, nikashindwa haraka, jambo ambalo sikuhitaji kujilazimisha, mpaka kioo kilipouliza herufi tatu. Yeye alichukua maneti. Juu, B. Juu, C. Aliposukuma alitaja jina la herufi, akirudi nyuma aliitaja tena, na vidole vyake vilikumbuka kabla ya mdomo: alijua kwamba M iko mbali kiasi gani na A, kama anavyojua urefu wa mkono wa gauni. Jumatatu ya tano aliandika herufi tatu za mwanzo za jina lake, akaziangalia, akaniuliza hizo nyingine zitaandikwa wapi, kwa sababu jina lake lina saba. Hapo ndipo tulipohamia kwenye ubao.

Mashine haikuishi sana baada ya hapo, na aliyeiua ni mimi. Fundi wa Kadutu alikuwa ameniambia waziwazi: radi ikianza, chomoa waya. Alasiri moja ya mvua radi ilianza kunguruma upande wa kisiwa cha Idjwi, na waya nilikuwa nauona pale ukutani, hatua mbili tu. Lakini nilikuwa nimebakiza mzunguko mmoja, na kwa mara ya kwanza nilikuwa karibu kuifikia rekodi yake. Kulitokea mwanga mweupe na mlio kama wa sahani kuvunjika. Nilijikuta sakafuni, maneti mkononi, na harufu ya plastiki iliyoungua puani. Televisheni ya parokia ilikuwa inatoa moshi kidogo. Fundi alipofungua mashine alitazama ndani, akaifunga tena bila kutumia mswaki.

Wafadhili walijibu kwamba mashine za aina ile hazitengenezwi tena. Kaseti kumi na nane zilibaki kwenye rafu yake, zina namba, zina kadi, hazina pa kuchomekwa. Sikuziondoa. Maman mshonaji aliazima mbili za kukandamizia vitambaa upepo unapotoka ziwani, nami nikaziandikia tarehe ya kurudisha, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu. Padri alirudi kwao mwaka uliofuata. Alipoaga aliniita citoyen, na safari hii alilitamka bila kupuliza, kama supu iliyokwisha kupoa.

Maman aliendelea kuja, sasa kwa vitabu. Siku aliyoniomba kitabu kinene cha kwanza nilimchagulia hadithi moja ya Kiswahili, habari za mke wa mfanyabiashara aliyeachwa na mumewe, jalada zuri la kijani. Nilimwambia ni kitabu kizuri sana, mojawapo ya vitabu ninavyovipenda. Alikaa nacho wiki sita. Alipokirudisha alikiweka mezani mbele yangu, akauliza kama watu wanavyoulizana habari ya jirani:

“Papa, na ule mwanamuke, mwishoni alirudi kwa bwana yake?”

“Alirudi,” nilisema. “Baada ya mateso mengi.”

Alirekebisha kipimo chake shingoni.

“Alikufa katikati ya kitabu,” alisema. “Alizikwa na ile kitenge yake ya kijani.”

Nilikisogeza kitabu upande wangu wa meza. Alinipa muda wa wiki mbili nikisome.